Aliyeitwa Kwanza Ubaoni

Jumamosi, 8 Februari

Nimeamua kuandika kwa Kiswahili. Shuleni tunaandika Kifaransa, na wenzangu wakiandikiana kwenye simu wanatumia Kirundi, kwa hiyo daftari hili likisahaulika darasani hakuna atakayejisumbua nalo. Tena mambo ninayotaka kuandika ni ya nyumbani, na nyumbani tunaongea Kiswahili. Mama alikulia Kigoma, hakubali tukiongee ovyo.

Tuko wanne. Mama, anayeshona nguo hapo sebuleni. Dada yangu Riziki, aliye mwaka wa kwanza chuoni. Mjomba Uthmani, mdogo wake Mama, anayefundisha hisabati katika chuo hichohicho hapa Gitega, njia ya kwenda Giheta. Alihamia kwetu Baba alipofariki. Na mimi, Swabra, ambaye sipendi kuitwa jina langu mbele ya watu.

Riziki anarudia mwaka. Mwaka jana alipita masomo yote isipokuwa hisabati. Chuoni kwao mwaka wa kwanza hurudiwa mara moja tu, na anayerudia hapewi mtihani wa pili. Akianguka tena, anatoka. Na mwalimu wa hisabati wa mwaka wa kwanza ni mmoja: mjomba wetu.

Mimi naona ni bahati. Nani mwingine anakula meza moja na mwalimu wake?

Jumanne, 11 Februari

Mvua kutwa. Fizikia: kulikuwa na jambo nilitaka kuuliza, sikuuliza.

Jumapili, 16 Februari

Nimemuuliza Riziki kama Mjomba humweleza masomo wakiwa nyumbani. Amecheka bila kufungua mdomo.

"Mjomba? Anieleze mimi?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Watu watasema ananionyesha mtihani. Swabra, akiniona na daftari la hisabati anatoka nje."

Ni kweli. Leo jioni Riziki alipolifungua, Mjomba alichukua redio yake akaenda kukaa kibarazani, na mvua inanyesha.

Alhamisi, 20 Februari

Leo shule ilifungwa mapema, maji yameingia madarasani. Mama akanituma nimpelekee Riziki mwavuli. Nilifika chuoni somo la Mjomba likiendelea, nikasimama dirishani nyuma kabisa. Sijawahi kumwona akifundisha. Tangu nikiwa mdogo nimetaka kuwa kama yeye, kwa hiyo moyo ulikuwa unanidunda kana kwamba ni mimi niliyesimama mbele.

Ukumbi umejaa hadi wengine wamekaa kwenye ngazi. Mjomba anasoma kutoka kwenye karatasi zake, wanafunzi wanaandika. Anasema "nukta", wanaweka nukta. Sauti yake ni nzuri. Ubao ameugawa sehemu tatu na mwandiko umenyooka kama wa kitabuni. Nikafikiri, hivi ndivyo mwalimu anavyopaswa kuwa.

Kisha akaweka chaki mezani. "Bon. Mazoezi. Riziki, ubaoni."

Dada yangu akasimama. Nikaona wavulana wawili mbele yangu wakigusana viwiko. Alitakiwa kufungua mabano: x jumlisha tatu, yote kwa kipeo cha pili. Akaandika x kwa kipeo cha pili, jumlisha tisa. Hata hakuwa ameshusha mkono.

"Kaa," Mjomba akasema. "Mtoto wa darasa la tisa anaijua hiyo. Kaa."

Watu wakacheka. Si wote, ila ukumbi ni mkubwa, wachache wanatosha. Riziki akarudi kukaa na chaki bado iko mkononi mwake, ikabidi aende tena kuirudisha. Wakacheka tena.

Nje alinijia mvulana mmoja mrefu, Mkongo wa Bukavu, mama yake anauza vitenge sokoni. Anaitwa Cirhuza, ndiye mjumbe wa darasa.

"We ni mdogo wake Bismillahi?"

"Wa nani?"

"Riziki. Tunamuitaka Bismillahi, juu somo haianzi bila yeye. Kila siku ni yeye wa kwanza ku tableau." Aliponiona usoni akashika kifua. "Pardon, petite. Ni kucheka tu. Hata yeye anajua."

Riziki alikuja, akachukua mwavuli, tukatembea hadi nyumbani bila kuufungua.

Alhamisi, 27 Februari

Nimepata ujasiri, nimemuuliza Mjomba kwa nini Riziki huitwa kwanza. Alikuwa anapiga kiatu rangi. Hakukasirika.

"Ili mtu asiseme ninambeba. Wajue kwangu hakuna ndugu. Ukimwona mwalimu anamwogopa mtoto wa dada yake, huyo donc, basi, anaficha kitu."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo na naona ni la mtu wa haki. Lakini bado namwona Riziki akienda kuirudisha ile chaki.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani. Mama ameamka kabla ya mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba amerudi amenuna. Walimu wa hisabati wa mwaka wa kwanza, wa vyuo kadhaa, wanatakiwa kwenda mafunzoni. Kila Jumamosi hapa Gitega, na wiki nzima Muyinga wakati wa likizo. Eti wanafunzi wengi mno wanaanguka.

"Kunifundisha kufundisha! Mi niko na miaka tisa mbele ya ubao. Wanaoanguka hawasomi, ni hivyo tu."

Mama hakuinua kichwa kwenye mshono. "Cherehani yangu naiitia fundi kila mwaka, Uthmani, na haijawahi kuninunia."

Riziki alikuwa anapepeta mchele. Alichekea ndani ya ungo.

Jumatatu, 10 Machi

Katika mafunzo yao kila mwalimu anakwenda kukaa nyuma ya darasa la mwenzake, anaandika nani amesema nini, kisha wanaongea wawili tu. Mwenzake Mjomba ni madamu Scholastique, mwanamke mfupi mwenye miwani, anafundisha upande wa afya. Leo alikuja kwenye somo la Mjomba, na Mama akamkaribisha futari. Yeye ni Mkatoliki lakini alisema hakula mchana ili tusimwone mbaya.

Walikaa sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakata matunda.

"Ukifundisha inapendeza kusikia," alimwambia. "Kweli. Ubao safi, sauti safi. Lakini saa mbili zote, Uthmani, ni wewe tu umeongea."

"Ni cours, ni somo. Nani aongee?"

"Wao kidogo. Mi sikujua wanafikiri nini. Wewe ulijua?"

Mjomba akamsogezea sahani ya tende.

"Na kuna yule binti wa kitambaa cha kijani. Umemwita mara nne. Mara nne zote amekatizwa kabla hajamaliza. Nikajiuliza, huyu alimkosea nini?"

Hapo Riziki akaingia na chupa ya uji. Kitambaa cha kijani kilikuwa bado kichwani mwake. Madamu Scholastique alimtazama, akamtazama Mjomba, akavua miwani.

"Ni mtoto wa dada yangu," Mjomba akasema.

Riziki akamimina uji vikombe vyote, hakumwaga hata tone. Akasema karibuni. Akatoka.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wakati wa futari Mjomba ametuchekesha. Jumamosi walifundishwa kwamba mwalimu akiuliza swali asijijibu mwenyewe. Anyamaze, angoje, awape watu nafasi ya kufikiri. Basi leo akauliza swali, akanyamaza. Akaegemea meza. Ukumbi mzima ukanyamaza pia. Wakainamisha vichwa. Akaendelea kungoja kama alivyoambiwa. Mwisho Cirhuza akasimama, mikono nyuma:

"Prof, kwa jina ya darasa yote, tunaomba pardon. Kama kuna mtu amekukosea, atakuja kujisema mwenyewe ku bureau yako."

Walidhani amekasirika! Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kwetu mkubwa akinyamaza, wadogo wanatafuta kosa lao. Hata mimi ningeomba msamaha.

"Sasa ukawaambiaje?" Mama akauliza.

"Nikawaambia wamesamehewa. Ningesema nini?"

Nimelala kitandani nikicheka, kisha nikaacha. Riziki hakucheka mezani. Alisikiliza kisa kile kama mgeni, akauliza, "Cirhuza alisema hivyo?" Angekuwa darasani leo, angekisimulia yeye kabla ya Mjomba kunawa mikono.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemuuliza Riziki. Amesema haendi tena kwenye hisabati tangu siku ya mwavuli, ila siku ile moja aliyokuja madamu Scholastique, kwa sababu Cirhuza alimwambia kuna mgeni na darasa linatakiwa lijae. Saa za somo anakwenda Mushasha, anakaa kwenye benchi kwenye ua wa kanisa. Amechagua huko kwa sababu hakuna jirani yetu anayepita. Msichana mwenye kitambaa cha kijani uani kwa mapadri, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Mtawa mmoja tu alimletea kiti chenye mgongo.

"Na interro, majaribio yote ya katikati?"

"Zimepita mbili."

"Riziki, utaanguka!"

"Nikienda pia naanguka. Tofauti ni kwamba huku hawacheki." Kisha akasema, taratibu, kama anayenisomea, "We hujui, Swabra. Nikishika chaki, kichwa kinakuwa cheupe. Nyumbani naweza. Nikifika pale najisikia nina ujinga ambao hakuna mtu mwingine anao. Mimi peke yangu katika watu wote wale."

Nilitaka kumshika mkono. Nilipanga vitabu vyangu upya.

Alhamisi, 20 Machi

Mjomba alijua.

Bila shaka alijua. Ndiye anayesahihisha. Nilikwenda kumwambia, nimejiandaa tangu shuleni na sentensi zangu, na kabla sijafika ya pili akasema: "Sifuri mbili. Nimeshazipeleka ofisini na sahihi yangu. Asiyekuja interro anapata sifuri, awe nani."

"Lakini hukumuuliza kwa nini?"

"Ningemuuliza, ningewauliza na wengine arobaini waliokosa."

"Si ungewauliza!"

Sijawahi kumpandishia sauti mkubwa. Niliondoka mbio hadi chooni na nikakaa humo mpaka adhana. Nimesoma nilichoandika tarehe 27 Februari kwamba ni mtu wa haki. Sijakifuta, lakini leo sitaki kuwa kama yeye.

Jumapili, 23 Machi

Mvua ya mawe. Maharagwe ya jirani yamelala yote.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama ametushonea nguo za kitambaa kimoja. Mjomba na Riziki wamesalimiana kwa adabu kama watu waliokutana ofisini.

Jumatatu, 7 Aprili, Muyinga

Tuko kwa Bibi, mama yake Baba. Gari lilichelewa kwa sababu ya mafuta, tukakaa Karuzi nusu ya siku tukila mahindi ya kuchoma. Mjomba amekuja kwa wiki yake ya mafunzo, sisi tumekuja kumsalimia Bibi. Mama amebaki na tenda za harusi.

Bibi amemkagua Riziki kuanzia juu hadi chini. "Umekonda. Chuo gani hicho, hawana jiko?"

Jumatano, 9 Aprili, Muyinga

Walimu wanahitaji wanafunzi wa kujifunzia, na vyuo viko likizo. Kwa hiyo wanawakusanya watu: watoto wa majirani waliomaliza sekondari, vijana wawili waliokuja kwa baiskeli kutoka Giteranyi, mtu yeyote. Mjomba alisimama mlangoni kwa Bibi, kofia mkononi.

"Kesho kuna somo. Si mimi ninayefundisha. Mi nitakaa nyuma." Alisema akitutazama sote, lakini alikuwa anamwambia Riziki.

Riziki akasema ana nguo za kufua.

"Nguo nitafua mimi," Bibi akasema. "Nendeni. Mnanijazia nyumba."

Alhamisi, 10 Aprili, Muyinga

Nataka kuandika yote kabla sijasahau, ingawa nafikiri sitasahau.

Darasa ni la shule ya msingi, madawati madogo, magoti yanagonga. Walimu wako nyuma ukutani na karatasi zao, Mjomba na madamu Scholastique kati yao. Aliyefundisha anaitwa Bénédicte, kijana, kanga begani kwa baridi. Hakusoma kitu. Alituambia tukae wawili wawili, akauliza: kipande cha mraba, ubavu wake ni tatu jumlisha mbili. Eneo lake ni ngapi? Semeni na jirani kwanza, kwa lugha yoyote mliyoota nayo usiku.

Darasa likajaa kelele. Kirundi, Kiswahili, vijana wa Giteranyi wakichanganya vyote. Riziki aliniambia, kwa sauti ya chini, "Tisa na nne. Kumi na tatu." Mimi nilifikiri hivyohivyo, kwa sababu ndivyo mabano yanavyoonekana. Kisha nikaona ni tano mara tano, ishirini na tano. Tukatazamana.

Bénédicte akapita kati yetu akisikiliza. Akasimama kwetu. "Sema ulichosema mwanzo."

Riziki akakunja mabega kama mtu anayengojea kupigwa. "Kumi na tatu. Nimekosea."

"Ngoja kwanza na kukosea. Ulifikaje?"

"Tatu kwa kipeo, mbili kwa kipeo, nikajumlisha."

Bénédicte akageukia darasa. "Nani mwingine alianza kwa kumi na tatu?"

Hakuna aliyesogea. Nikainua mkono wangu. Sijui ulivyoinuka, mimi ambaye sijawahi. Kisha mmoja wa Giteranyi akainua wake. Kisha mwingine, na mwingine, hadi zaidi ya nusu ya darasa tulikuwa na mikono juu, na watu wakaanza kucheka, lakini kicheko kingine kabisa, cha watu waliokutana njiani wakakuta wanakwenda msiba mmoja.

Riziki aligeuka kwenye dawati lake dogo akaitazama mikono ile. "Wote hawa?" akasema.

"Wote hawa," Bénédicte akasema. "Mi pia, mwaka wangu wa kwanza. Sasa nionyesheni: mna kumi na tatu, mraba ni ishirini na tano. Kumi na mbili zimekwenda wapi?"

Akatugawia karatasi ya mfuko wa saruji. Tukachora, tukakunja. Mraba wa tatu kona ya juu, mraba wa mbili kona ya chini. Riziki ndiye aliyeweka kidole kwenye sehemu zilizobaki tupu, huku na huku. "Hizi mbili. Tatu kwa mbili, tatu kwa mbili. Sita na sita." Kisha akasema kwa nguvu, bila kuombwa, "Kumbe ndiyo ile ya katikati! Ile mbili-ab! Inatoka hapa!"

Akaomba chaki. Aliomba mwenyewe. Akaenda ubaoni akaeleza, mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtu aliyemkatiza.

Niligeuka nyuma. Madamu Scholastique alikuwa anaandika. Mjomba alikuwa ameweka karatasi zake sakafuni na anatazama ubao kama mtu anayesoma jina lake mahali ambapo hakulitegemea.

Jioni, uani kwa Bibi, Mjomba alimjia Riziki akiwa anaanua nguo.

"Rudi darasani."

Riziki akaendelea kukunja.

"Nilikuwa nakosea, Riziki. Mi nilifundishwa hivyo. Professeur wetu alikuwa anaanza na mdogo wake. Tukamsifu wote."

"Na mdogo wake yuko wapi sasa?"

Mjomba akafikiri. "Sijui. Aliacha."

"Mjomba, wewe unajifunza. Mimi nafurahi unajifunza, kweli." Alikuwa amekumbatia nguo zote kifuani. "Lakini ulikuwa unajifunzia kwangu. Mwaka mzima na nusu."

Mvua ikaanza, Mjomba akachukua nusu ya nguo, akazipeleka ndani.

Jumanne, 22 Aprili

Tumerudi Gitega. Riziki ameenda kwenye hisabati.

Jumatatu, 28 Aprili

Cirhuza alipita kununua vifungo kwa Mama. Anasema somo limekuwa kama soko. Mjomba anauliza, wanageukiana, wanabishana kwa lugha zote, halafu wanainua mikono, nani anafikiri hivi, nani vile. Wiki ya kwanza walidhani ni mtego.

"Na Bismillahi ameachishwa kazi," akasema. "Juzi somo ilianza na mi! Nikakosea mbele ya watu yote. Prof akaniambia merci. Merci, unasikia? Nikarudi nyumbani nikamwambia maman, kuna kitu haiko sawa na huyu mtu."

Riziki alimrushia kipande cha kitambaa. Sijamwona akifanya hivyo tangu mwaka juzi.

Jumapili, 4 Mei

Mjomba na Riziki mezani, daftari limefunguliwa kati yao. Hakutoka kwenda kibarazani. Anamuuliza "kwa nini" na anangoja, na yeye anamwambia usinitazame hivyo, nafikiri.

Nimekuwa nikitaka kuendelea kumchukia. Ni kazi ngumu mtu anapokuwa anakosea kwa bidii namna hii na kuanza tena. Jana nilimsikia chumbani akijizoeza kuuliza swali mbele ya ukuta.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya tano bila mvua. Vumbi limeanza.

Alhamisi, 29 Mei

Mtihani wa hisabati. Riziki ametoka akitembea polepole. Swali la tatu lilikuwa la mabano, lakini refu zaidi, na alichora mraba pembeni kabla ya kuandika. "Nimejaza karatasi," alimwambia Mama. "Sijui, ila nimejaza."

Jumamosi, 31 Mei

Mjomba hasahihishi karatasi ya Riziki, ameiomba kwa maandishi isahihishwe na madamu Scholastique. Ni mambo ya sheria tena, lakini safari hii alimuuliza Riziki kwanza kama anakubali.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika hili kwa sababu hakuna mtu hapa nyumbani anayeongea.

Amepata kumi na tatu juu ya ishirini katika mtihani. Kumi na tatu! Madamu Scholastique hakumwongezea hata nusu, amesahihisha mara mbili. Lakini mtihani ni nusu tu ya alama, nusu nyingine ni interro, na interro zina sifuri mbili za Machi. Ukichanganya, hafiki kumi ya kupita.

Leo walimu wamekaa kuamua. Mjomba ametueleza amesimama, hakukaa kabisa. Jina la Riziki lilipofika aliomba kusema. Alitaka kuwaambia kwamba zile sifuri si za uvivu, kwamba sababu ya yeye kutokuja ni mwalimu. Hakumaliza. Mwenyekiti alimkatiza kwa upole:

"Monsieur Uthmani, huyu si mtoto wa dada yako? Toka nje kidogo, tafadhali. Kwa heshima yako mwenyewe."

Akatoka. Alisimama kwenye korido. Madamu Scholastique alisema alichoweza, wakamjibu kwamba sahihi iliyo kwenye sifuri ni ya mwalimu mwenyewe, na wao hawawezi kubadilisha alama ambazo mwalimu alizithibitisha.

"Nilitaka kurudi ndani," Mjomba akasema. "Mlango haukuwa umefungwa hata. Lakini nikajua kila neno nitakalosema wataliita udugu."

Riziki alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Na wengine?"

"Wengi wamepita. Mara mbili ya mwaka jana."

"Na Cirhuza?"

"Amepita."

"Hiyo ni nzuri," Riziki akasema, na nafikiri alimaanisha. Hicho ndicho kilichomfanya Mama atoke nje.

Jumatano, 18 Juni

Riziki ameondoka kwenda Muyinga, kwa Bibi. Shangazi ana duka la vyombo, anahitaji mtu wa kumsaidia. Mjomba alimbebea mfuko hadi kituoni. Mimi nilikuwa shuleni, nina mtihani wa historia. Hakuna aliyeniambia nibaki, na mimi sikuomba.

Ijumaa, 20 Juni

Jua. Kitanda cha Riziki kimewekwa vitambaa vya Mama.

Jumapili, 29 Juni

Jana tulikuwa na wageni. Chuo kimefurahi: hisabati ya mwaka wa kwanza haijawahi kuwa hivi, na wanataka Mjomba awafundishe walimu wenzake mwaka ujao. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, monsieur Anatoli, na walimu watatu, na madamu Scholastique. Mama alipika pilau tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nahudumia, natazama chini kama kawaida yangu.

Monsieur Anatoli alitoa hotuba fupi. Alisema mtu kama Uthmani, aliyekubali kurudi kuwa mwanafunzi akiwa na miaka tisa ya kazi, ni mfano kwetu sote. Wakapiga makofi. Mjomba alikuwa anatazama sahani yake.

Kisha, katika kukaa na kujipakulia, mkurugenzi akamwambia Mama, kwa wema tu, kama watu wanavyouliza, "Na yule binti yako mkubwa? Si alikuwa kwetu?"

"Yuko Muyinga kwa bibi yake," Mama akasema. "Anapumzika kidogo."

"Apumzike, apumzike. Vijana wanachoka."

Mjomba akaweka kijiko chini.

"Hapumziki," akasema. "Nilimwangusha mimi."

Mwalimu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni unyenyekevu. "Uthmani, sheria ni..."

"Nilimwita ubaoni wa kwanza kila siku kwa mwaka na nusu, ili nyinyi mseme mi ni mtu wa haki. Na mlisema. Akaacha kuja, nikampa sifuri, nikaweka sahihi. Alikuwa anaweza. Madamu Scholastique anajua alikuwa anaweza. Mkitaka niwaambie walimu wenzangu nilijifunza nini, nitaanza na hilo. Kama hamtaki nianze na hilo, tafuteni mtu mwingine."

Madamu Scholastique alikuwa amevua miwani. Monsieur Anatoli alitazama mlango, akatazama mikono yake.

"Kuleni," Mama akasema hatimaye. "Wali unapoa."

Walikula kidogo, wakaondoka mapema. Hawakusema kama wanamtaka au hawamtaki.

Leo asubuhi nilimpigia Riziki simu. Kulikuwa na kelele za duka, sufuria zikigongana, mtu anauliza sahani za bati. Nikamweleza yote, neno kwa neno, kama nilivyoandika hapa. Akaniacha nimalize.

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Mkurugenzi alikuwepo."

Nilimsikia akimwambia mteja asubiri. Kisha akaniambia nimpe Mama simu. Nikampa, nikatoka nje, sikusikiliza walichoongea.